Eti wenye ulemavu ni maskini kwa sababu hawawezi kazi?

Kuna maneno mengi ya uongo watu wanasema kuhusu ulemavu. Nianze na hii ya kwamba ulemavu ni mambo ya watu wachache. Jamani, takwimu za Shirika la Afya Duniani za 2022 zinasema ni watu kama bilioni 1.3, yaani katika kila watu 6 mmoja anao, na wengi wala hawakuzaliwa nao, umewakuta ukubwani kwa ajali, kiharusi, kisukari au uzee tu. Mwingine hata hauonekani kwa macho, mtu ana kifafa au hasikii vizuri halafu anaambiwa anajifanya.

Ila inayoniuma zaidi ni ya umaskini. Chukua mtu wa kiti mwendo kaitwa intavyuu, vyeti anavyo, anafika anakuta ngazi nne na lifti hamna, vijana wawili wanambeba juujuu kama gunia, kiti kinabaki chini, anaingia shati limechomoka na jasho linamtiririka, halafu bosi anamgeukia aliyemsindikiza, "huyu anaweza kufanya nini?" Na mwenyewe yupo hapohapo anasikia! Akikosa kazi tuseme miguu ndo imemponza? Mwaka 1976 kikundi cha watu wenye ulemavu huko Uingereza, UPIAS, kilishaandika wazi kwamba jamii ndo inawalemaza kwa kuwafungia nje. Na hata mwenye ulemavu akiipata kazi, bado kuna gharama za betri za kifaa cha kusikia, mkalimani wa lugha ya alama, teksi maana basi halipandiki, mshahara uleule unaomtosha mwenzake yeye haumfikishi popote.

Wengine wanasema basi tuwape sadaka. Kutoa ni vizuri sikatai, lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu uliopitishwa Desemba 2006 unaongelea haki, kusoma, kuajiriwa, kupiga kura, kuoa na kuolewa, na haki huwezi kumpa mtu siku ukijisikia.

Halafu kuna hii ya kuweka njia ya mteremko ni kupoteza hela kwa ajili ya mtu mmoja. Mmoja nani? Hapo anapita mama na kigari cha mtoto, mwenye sanduku zito, mzee wa magoti, na wewe siku umevunjika mguu. Ikiwekwa tangu kwenye ramani gharama yake ni ndogo, ukingoja jengo liishe ndo uje kubomoa hapo ndo hela itakutoka.