Kabla hujaniomba katuni kwenye tovuti ya sayansi

Nimeambiwa tena wiki hii, na safari hii na mtu ninayemheshimu sana: "Tovuti yetu ya sayansi imezeeka, wanafunzi hawaingii. Ichangamshe. Weka rangi, weka katuni zinazocheza, na muziki kidogo." Iwe ofisi iko Posta au Mikocheni, mazungumzo huanzia hapo hapo. Nimechoka kulijibu jambo hili kwenye simu, kwa hiyo naliandika.

Ya haraka kwanza. Tovuti nyingi za sayansi za zamani zilijengwa kwa Flash, programu ya kampuni ya Adobe iliyochezesha katuni na majaribio ndani ya kivinjari. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikaizuia kabisa isicheze. Palipokuwa na jaribio, leo pana kisanduku kitupu. Dawa ni kuhamia HTML5, lugha ya kurasa ambayo vivinjari vya leo huisoma bila programu ya ziada, na kabla ya kulipa mtu ajenge upya, angalia kilichopo bure. Mradi wa PhET, wa majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye skrini, ambao mwanafizikia Carl Wieman aliuanzisha mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, umehamisha majaribio yake mengi huko. Baadhi yake yana tafsiri ya Kiswahili, na unaweza kuyapakua ukayatumia bila intaneti. Pia usizifute anwani za kurasa za zamani, zielekeze kwenye kurasa mpya, kwa sababu kuna walimu walioziandika kwenye maandalio yao ya somo. Na maelezo ya zamani yasomeni kabla ya kuyatupa. Mara nyingi yaliandikwa na mwalimu mzuri, ila mpangilio ndio mbovu.

Sasa katuni.

Chukua ukurasa wa umeme niliokabidhiwa niurekebishe. Betri moja, balbu mbili zinazofanana, zimeunganishwa kwa mfuatano. Vidoti vya njano vinatoka kwenye betri vikikimbia, vinafika balbu ya kwanza, vingine vinamezwa, vilivyobaki vinaendelea hadi ya pili. Rangi nzuri, mlio mzuri. Na unafundisha uongo! Kosa ambalo wanafunzi wengi huja nalo kwenye mada hii ni kudhani mkondo wa umeme unatumika na kupungua njiani, kwamba balbu ya kwanza inajichukulia na kuiachia ya pili makombo. Waulize, watakuambia ya kwanza itawaka zaidi. Ukweli ni kwamba zinawaka sawa. Ameta, yaani kipimo cha mkondo, ukiiweka kabla ya balbu ya kwanza, katikati, au baada ya ya pili, inasoma kiasi kile kile. Kinachobadilika kwenye balbu ni nishati, inayotoka kama mwanga na joto. Mkondo unaoingia ndio unaotoka. Ile katuni ilichukua kosa la mtoto ikalipaka rangi.

Hata ukiirekebisha vidoti visimezwe, bado kuna ile mbio. Ndani ya waya wa kawaida elektroni husogea taratibu mno, kwa kawaida chini ya milimita moja kwa sekunde. Taa inawaka papo hapo kwa sababu elektroni zimejaa saketi nzima na zote huanza kusogea karibu kwa pamoja, kama mnyororo wa baiskeli unavyozungusha gurudumu la nyuma mara tu unapokanyaga pedeli. Nani ataonyesha hilo kwa vidoti vinavyokimbia?

Nilichoweka badala yake ni mchoro mnyofu wa SVG (aina ya picha nyepesi ya wavuti), wa kilobaiti chache, na swali juu yake: balbu ipi itawaka zaidi? Majibu matatu. Ukurasa hausemi kitu mpaka mwanafunzi achague. Akishachagua, ndipo anaruhusiwa kuburuta ameta kwa kidole na kuipachika anapotaka.

Hapa tena wateja hunikatisha: "Sawa, kwa hiyo akikosea inatokea alama nyekundu, ajaribu tena." Hapana. Ukimwambia "umekosea, jaribu tena" kwenye majibu matatu, atabofya moja baada ya jingine mpaka apate, na atakuwa hajawaza lolote. Kila jibu lisilo sahihi lina sababu yake, na linastahili maneno yake. Aliyechagua balbu ya kwanza anaambiwa: pima mkondo kabla ya balbu na baada yake, kisha ulinganishe. Aliyechagua ya pili huwa ana wazo jingine, anaulizwa jambo jingine. Kuandika majibu haya ndiyo kazi ngumu kuliko zote, inahitaji mwalimu aliyekaa darasani na kuyasikia makosa hayo kwa masikio yake, na ndiyo kazi ambayo bajeti huwa haina.

Niliwahi kukaa pembeni ya binti wa kidato cha pili, Mbagala, akitumia simu ya kaka yake. Kwenye ukurasa wa zamani kidole gumba chake kiliteleza juu ya katuni bila kusimama. Video ilipotaka kuanza yenyewe aliizima haraka, maana bando si lake. Kwenye swali la balbu alisimama, akachagua, akakosea, akaisogeza ameta huku na huku, kisha akaniuliza mimi: "Sasa betri inaishaje kama umeme haupungui?" Hilo ni swali la fizikia hasa, na hakuna mtu aliyemchezea muziki.

Nina mashaka yangu pia. Scott Freeman na wenzake mwaka 2014 walijumuisha tafiti 225 na kukuta kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa kusikiliza tu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 kuliko walioshirikishwa kwa maswali na shughuli darasani. Nautumia utafiti huo kwenye kila kikao. Lakini ulihusu madarasa ya vyuo vikuu, yenye mwalimu mbele. Simu ya Mbagala saa tatu usiku haina mwalimu, na sina hakika ni kiasi gani cha faida kinavuka hadi huko. Takwimu za tovuti hazinisaidii: aliyekaa dakika sita kwenye ukurasa huenda anafikiri, huenda amepotea. Na wapo wanaoliona swali wakaondoka kwa kuogopa kukosea. Kwao naweka kitufe cha "sijui", nacho kina maelezo yake.

Kazi inayofuata ni ukurasa wa maji kujaa na kupwa, ambao picha yake ni ya pwani ya Uingereza. Utaanza hivi: leo maji yamejaa Coco Beach saa kumi jioni, kesho jioni yatajaa saa ngapi? Wengi watasema saa ile ile. Kwa wastani huchelewa kama dakika 50 kila siku, na mvuvi wa Magogoni anajua hilo bila kufungua kitabu. Mwanafunzi ataletewa jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam alikague mwenyewe. Jedwali hilo hubadilika kila mwaka, kwa hiyo kabla hatujasaini mkataba nataka kujua nani kwenye ofisi yenu ataliweka jipya kila Januari.