Ardhi ya kijiji imo kwenye kaunta buku

Nikifika ofisi ya kijiji, iwe Handeni, Muheza au Mkinga, ramani huwa siiulizi kwanza. Naomba kaunta buku la mihtasari ya mkutano mkuu. Mtendaji hulitoa kwenye droo, jalada limeliwa na mende, limefungwa kwa kamba ya katani. Humo ndimo ilimo ardhi ya watu wote wale.

Kazi yangu ni mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji mkoani Tanga, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mwenyekiti keshasaini, tufanyeje? Saini ya mwenyekiti peke yake haitoi hata ekari moja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi kama mdhamini, na kifungu cha 8 kinaikataza kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Mkutano mkuu ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mama wa kuuza mihogo akiwemo. Wazee watano na mwekezaji chini ya mwembe si mkutano mkuu.

Huku kwetu jambo hili lina kovu la zamani. Mkonge uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe, Pangani. Miaka miwili baadaye Wajerumani wakatangaza kwamba ardhi waliyoiona haina mwenyewe ni ya dola yao. Konde lililopumzishwa, pori la kuchungia, kichaka cha matambiko, vyote mgeni aliviona ni mapori matupu. Hadi leo Muheza na Korogwe kuna vijiji vilivyobanwa katikati ya mashamba makubwa, na mengine kati ya mashamba hayo yamekaa miaka mingi bila kulimwa.

Wapo wanaoniuliza kwa nini tusidai kama watu wa asili. Ni kweli Tanzania ililipigia kura ya ndiyo Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili, ila msimamo wa serikali ni kwamba Watanzania wote ni wenyeji. Kwa hiyo Mzigua, Mbondei au Mdigo hadai ardhi kwa kabila lake. Anaidai kupitia kijiji chake, na hakimiliki yake ya kimila ina hadhi sawa na ile hati ya mjini.

Nisimulie la kijiji kimoja, jina naliacha. Watu waliitwa kwenye kikao cha vyandarua, wakasaini mahudhurio, wakaenda zao. Miezi ikapita, karatasi ileile ikaonekana imebanwa nyuma ya muhtasari unaosema kijiji kimeridhia kutoa pori lake lote la malisho. Nilikaa nayo barazani kwa bibi mmoja asiyejua kuandika, nikamwonyesha alama yake ya wino. Akaisogeza karibu na macho, akaipapasa.

"Dole ni langu, mwanangu," akasema. "Maneno ya huko juu si yangu."

Tukafungua kaunta buku. Tarehe ile haikuwa na mkutano mkuu wowote. Tukatazama tena karatasi ya mahudhurio: ilikuwa na matundu mawili ya pini ya zamani, kumbe ilishabanwa kwingine kabla ya hapo. Matundu yale na lile daftari ndivyo vilivyolirudisha suala mbele ya wanakijiji, wakalikataa. Bila daftari tungekuwa na neno la bibi dhidi ya mhuri.

Na pori lile lingekwenda lisingerudi, jambo ambalo wawekezaji hawalisemi mkutanoni. Asiye raia hamiliki ardhi ya kijiji. Lazima kwanza ihaulishwe, yaani ihamishwe kutoka mikononi mwa kijiji, iwe ardhi ya jumla iliyo chini ya serikali kuu. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo na waziri anaamua. Fidia lazima iafikiwe kabla ya uhaulishaji. Lakini mradi ukifa, ardhi haikirudii kijiji yenyewe. Inabaki ya jumla, na wajukuu wataipita wakienda kukodi shamba kijiji jirani.

Kwa hiyo andikeni vizuri. Kila ukurasa wa mahudhurio ubebe juu yake tarehe na ajenda, kwa kalamu ya wino. Mipaka itajwe kwa alama ambazo hata mtoto anazijua: mbuyu, kijito, mstari wa minyaa. Waliopinga waandikwe nao, msiandike tu "wote waliafiki". Muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, kisha kijana mmoja aupige picha kwa simu.

Mkutano mkuu wa kawaida huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ukifika zamu ya kwenu, kabla ya ajenda yoyote, nyoosha mkono uombe muhtasari uliopita usomwe wote, pamoja na majina.