Makadirio ya tabianchi si utabiri wa miaka mingi

Mvua ikikosa kunyesha siku iliyotajwa, Nairobi nzima huuliza swali moja: "Kama hawajui mvua ya Jumamosi, watajuaje ya 2050?" Nimelisikia redioni, nimelisikia kwenye matatu ya Ngong Road, na linaniudhi kwa sababu linafungia watu mlango wa kuelewa.

Utabiri huanza na anga ya leo: joto, unyevu, upepo. Kompyuta huisogeza mbele saa kwa saa, na kosa dogo la kipimo cha leo hukua kila siku. Ndiyo maana ukipita wiki mbili hivi, utabiri wa siku kwa siku huwa hautegemeki tena.

Makadirio ya tabianchi hayaulizi leo kuna wingu gani juu ya Ngong. Yana sharti: dunia ikiendelea kutoa gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, kwa kiwango fulani, mvua ya miaka 30 itakuwa na tabia gani? Badilisha sharti, jibu nalo linabadilika. Hakuna aliyeahidi mvua ya Machi 2050. Kinachosemwa ni kwamba hewa hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7 kila joto linapoongezeka nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo mvua kubwa huelekea kuwa kubwa zaidi.

Kati ya hayo mawili kuna utabiri wa msimu, unaoegemea bahari kwa kuwa joto lake hubadilika polepole. Mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kupita kawaida, na vuli yetu ikafurika. Hata hapo, ramani ya ICPAC, kituo cha tabianchi cha kanda yetu, huandika uwezekano wa aina tatu kwa kila eneo, kwa asilimia: mvua juu ya kawaida, ya kawaida, na chini ya kawaida. Zikiwa 45, 35 na 20, ile 20 ya mvua chini ya kawaida bado ipo. Mara moja katika tano hutokea, na aliyetabiri hajakosea.

Anayetaka kuwabana wanasayansi ana pa kuwabania. Modeli nyingi, yaani programu za kompyuta zinazoiga tabianchi, zinaonyesha mvua ya Afrika Mashariki ikiongezeka, ilhali masika yalipungua kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1980. Wenyewe wanauita mgongano huo kitendawili, na bado wanaufanyia kazi. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukionyeshwa ramani ya 2050, uliza ni kwa kiwango gani cha gesijoto, na modeli ngapi zimekubaliana. Mvua ya Jumamosi ina wataalamu wake pale Dagoretti Corner, kwenye Idara ya Hali ya Hewa.