Mkalimani Atatoka Wapi? Dhana Potofu Kuhusu Vijana wa Kiingereza, Vijana wa Kifaransa na Baraza la Hadithi

Kila wazo la kuwakutanisha vijana waliosomeshwa kwa Kiingereza na wenzao waliosomeshwa kwa Kifaransa katika baraza la hadithi, yaani kikao cha kusimuliana, linapotajwa hapa Kisumu, swali linalotangulia huwa moja: mkalimani atatoka wapi? Anayeuliza huwa na nia njema. Hata hivyo, swali lenyewe limesimama juu ya dhana kadhaa ambazo, zisipochunguzwa mapema, huugeuza usimulizi wa jamii kuwa mkutano wa vipaza sauti, ambapo kundi moja huzungumza, jingine hutafsiriwa, na wote hurudi makwao wakiwa wageni kama walivyokuja.

Dhana: Kifaransa ni lugha ya mbali, na wanaokizungumza ni wapita njia.

Kisumu ndiyo makao makuu ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, taasisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya hiyo ilizipokea Burundi na Rwanda mwaka 2007, kisha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Malori yanayopanda kutoka Mombasa hupita Nakuru kabla ya kuelekea mipaka ya Malaba na Busia, na shehena ya baadhi yao haishii Kampala bali huendelea hadi Kigali, Bujumbura na mashariki mwa Kongo. Muziki ulikuwa umekwisha kufungua njia zamani: Samba Mapangala, mzaliwa wa Kongo, alifika Nairobi mwaka 1977 na kuimba kwa Kiswahili na Kilingala, na wapo wapenzi wake wengi nchini Kenya ambao hawajawahi kujiuliza alitoka wapi.

Dhana: Wanaozungumza Kifaransa ni kundi moja, na wanaozungumza Kiingereza ni jingine.

Nchini Rwanda, serikali iliamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia, hivyo msichana wa Kigali mwenye umri wa miaka 20 huenda amesoma kwa lugha ileile aliyosomea kijana wa Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, ilhali mama yake alisoma kwa Kifaransa. Nchini Burundi, Kirundi ni lugha ya mama ya karibu kila raia, na Kifaransa ni cha darasani na ofisini. Kongo nayo ina Kifaransa kama lugha rasmi pamoja na lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Chiluba na Kiswahili. Hata Kifaransa chenyewe hakifanani: Mkongo na Mrundi husema "septante" kwa sabini, jinsi Wabelgiji walivyowaachia, wakati mwanafunzi wa Kenya anayesoma somo hilo katika shule ya upili hufundishwa kusema "soixante-dix", yaani sitini na kumi. Nimeona wanafunzi wa aina hizo mbili wakibishana kuhusu sabini kwa furaha kubwa kuliko ambavyo wangebishana kuhusu jambo la maana.

Upande wetu ni vivyo hivyo. Kijana wa Manyatta hugombana kwa Dholuo, hutania kwa Sheng na huandika mtihani kwa Kiingereza. Kumwita "mzungumzaji wa Kiingereza" ni kumtambulisha kwa sare ya shule.

Dhana: Kiswahili kitamaliza tatizo lote.

Hii ndiyo dhana tunayoipenda zaidi, na kwa hiyo ndiyo inayotuponza zaidi. Ni kweli kwamba Kiswahili kinazungumzwa Goma, Bukavu na Lubumbashi, lakini si Kiswahili cha vitabu vyetu. Kijana kutoka Bukavu anaweza kusema "niko mwanafunzi" pale ambapo sisi tungesema "mimi ni mwanafunzi". Anaweza kusema "bantu" badala ya watu na "mayi" badala ya maji. Na akisema "baba yangu anatumika mjini", anamaanisha kwamba baba yake anafanya kazi mjini. Katika kikao kimoja nilichohudhuria Nyalenda, sentensi hiyo ya mwisho ilikifanya chumba kizima kiangue kicheko. Msimulizi alitabasamu, akamalizia hadithi yake kwa Kifaransa ambacho hakuna aliyekielewa, na hakurudi wiki iliyofuata.

Kiswahili cha Kongo si Kiswahili kilichoharibika. Kilifika huko pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikakulia katika miji ya migodi ya Katanga, na kimelea watoto wengi waliokipokea kutoka kwa wazazi wao. Isitoshe, sisi wa bara la Kenya hatuna uso wa kumsahihisha mtu. Mzee wa Lamu akitusikiliza kwa dakika tano, atakuwa na mengi ya kutuuliza. Kwa hiyo kabla ya hadithi ya kwanza kutambwa, ni busara vijana wenyewe wakusanye maneno yanayotofautiana na kuyaandika ubaoni, ili tofauti iwe jambo la kuchekea pamoja badala ya kuchekana.

Dhana: Bila mkalimani wa sentensi kwa sentensi hakuna atakayeelewa.

Tafsiri ya sentensi kwa sentensi ndiyo huiua hadithi. Fanani hukatizwa kila anapopata pumzi, wimbo hugeuzwa maelezo, na kichekesho hufika kwa upande wa pili kikiwa kimepoa. Usimulizi wa mdomo una viungo vyake ambavyo havihitaji kamusi. Sisi husema "Kitendawili!" na hadhira hujibu "Tega!" Mnyarwanda husema "Sakwe sakwe!" na hujibiwa "Soma!" Mrundi husema "Sokwe!" na hujibiwa "Niruze!" Nchini Haiti msimulizi huita "Krik?" na watu huitika "Krak!" Kijana ambaye hajui neno lolote la lugha ya mwenzake anaweza kujifunza kuitika kwa dakika moja, na akishaitika huwa amekwisha kuingia ndani.

Wahusika nao wanajuana hata kama wasimulizi hawajuani. Sungura wetu mjanja huitwa Apwoyo kwa Waluo na Bakame kwa Wanyarwanda. Katika hadithi za Louisiana, Marekani, zilizosimuliwa kwa Kifaransa na watu waliotokana na watumwa wa Kiafrika, sungura huyo anaitwa Compère Lapin, na mjinga anayehadaiwa naye ni Bouki, jina ambalo katika lugha ya Kiwolof ya Senegali lina maana ya fisi. Fisi amevuka bahari na kubadilishiwa lugha, na bado anadanganywa na sungura yuleyule.

Utaratibu ninaouamini ni huu. Msimulizi hutamba kwa lugha anayoiweza, baada ya mtu mmoja kutoa muhtasari mfupi wa Kiswahili ili hadhira ijue inaelekea wapi. Kisha kijana wa upande wa pili huisimulia upya hadithi ileile kwa lugha yake, jinsi alivyoipokea, pamoja na makosa yake. Kazi yote iko katika hatua hiyo ya pili. Anayejua kwamba atadaiwa hadithi husikiliza kwa namna ambayo mtu aliyepewa mkalimani hana haja ya kusikiliza.

Dhana: Kijana aliyetoka Kongo au Burundi aje na hadithi ya vita.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kosa hili hufanywa na watu wema. Kijana akishatajwa kuwa mkimbizi, mwenyeji wa baraza humgeukia kwa sauti ya upole na kumwomba aeleze jinsi alivyokimbia. Huenda maelezo hayo amekwisha kuyatoa mbele ya maafisa alipoomba hifadhi, mahali ambapo kila tarehe ilipimwa na kila kusita kuliandikwa. Kumwomba ayarudie mbele ya vijana wenzake ni kumfanya shahidi mahali alipokuja kuwa rafiki.

Tujipime wenyewe. Kisumu na Nakuru zote ziliumizwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, na wapo vijana wa miji hii waliokua katika nyumba ambazo bado hazilizungumzii jambo hilo. Hakuna anayewataka walieleze kama kiingilio cha kikao. Mgeni naye ana haki ya kusimulia jinsi nyanya yake alivyopika sombe, yaani majani ya muhogo, jinsi timu ya mtaa wao ilivyofungwa, au kutosimulia chochote kwa majuma matatu. Ikiwa hadithi nzito itakuja kwa hiari yake, isirekodiwe bila ruhusa yake, na awepo mtu mzima mwenye ujuzi wa ushauri nasaha atakayebaki naye wengine wakishatawanyika.

Kuhusu dhana kwamba hadithi zitafuta uhasama wa kisiasa, jibu ni fupi. Kamerun imegawanyika kwa mistari iliyochorwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pale koloni la Wajerumani lilipogawanywa kati ya Uingereza na Ufaransa, na mgogoro ulioanza mwaka 2016 kwa migomo ya mawakili na walimu wa maeneo ya Kiingereza ulihusu mahakama, shule na madaraka. Mambo hayo hayaondolewi kwa ngano.

Dhana: Hadithi ni za watoto na vikongwe.

Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya nyanya ambamo wasichana na watoto walisikia hadithi usiku, na pengine ndiyo maana kijana wa leo huona ni jambo la kuachwa huko. Lakini ichukuliwe hadithi ya Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay, ambalo inasemekana lilikizamisha kijiji kizima baada ya wanakijiji kumfukuza kikongwe aliyekuja kuomba hifadhi usiku wa karamu. Mvulana wa Nyalenda aliisimulia kikaoni kama tunavyoisimulia sote, kwa kutilia mkazo maji na maangamizi. Msichana kutoka Bukavu alipopewa zamu ya kuirudia, aliyaacha maji kabisa. Alianza na kikongwe akiwa njiani, akahesabu milango aliyobisha, na katika kila mlango akaweka sauti tofauti ya mtu aliyemkataa, mmoja kwa hasira, mwingine kwa adabu, mwingine kwa kumwambia arudi kesho na karatasi zake.

Kanuni yetu ni kwamba msimulizi wa kwanza anaruhusiwa kusahihisha jambo moja tu. Mvulana yule alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba ziwa liko Kendu Bay, si Homa Bay.