Sailensi ya gari la EFI haisetiwi kwa bisibisi

Gari likizima kwenye mataa ya Sanawari au likitetemeka kwenye foleni ya Tengeru, ushauri huwa ni ule ule: mwambie fundi akupandishie sailensi. Enzi za kabureta ulikuwa ushauri mzuri. Kwenye EFI, yaani injini inayopuliziwa mafuta kwa umeme, sailensi (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) huamuliwa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Hufungua na kufunga vavu ndogo ya hewa kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) au, kwa magari yasiyo na waya wa mafuta, husogeza kisahani cha throto kwa mota. Toyota ndogo nyingi zikishapata moto hukaa kati ya RPM (mizunguko kwa dakika) 600 na 800. Zikitoka hapo kuna kitu kimechafuka, kimevuja au kimekufa.

Dhana: ile skrubu ya kwenye throto ni ya kusetia sailensi

Hii ndiyo inayoharibu magari mengi. Skrubu hiyo hufungwa kiwandani, mara nyingi kwa nati na alama ya rangi, na kazi yake ni kuzuia kisahani kisijibane kwenye ukuta wa throto. Ukiikaza, kisahani kinabaki wazi kidogo muda wote. Mwanzoni kompyuta inafunga vavu yake ya hewa mpaka mwisho ili kushusha mzunguko. Ukizidi kukaza, sensa ya throto inatoa taarifa kwamba dereva amekanyaga mafuta, na kompyuta inaacha kabisa kusimamia sailensi. Hapo ukiwasha AC mzunguko unadondoka, ukiingiza D gari linagonga, na ukiteremka kutoka Marangu kwenda Himo injini haikati mafuta kama inavyotakiwa. Ukikuta rangi ya kiwandani imevunjika, ujue mtu ameshapita hapo.

Zipo injini za zamani za EFI, kama 22R-E ya Hilux, zenye skrubu halali ya sailensi. Ile hupitisha hewa pembeni ya kisahani bila kukigusa. Husetiwa injini ikiwa ya moto, gia nyutro, AC na taa zimezimwa.

Dhana: gari lililotoka Dar lazima lisetiwe upya likifika Arusha

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi takriban 900. Hewa ya Arusha ina presha pungufu ya ile ya pwani kwa karibu asilimia 15. Kabureta haikulijua hilo, ikawa inamwaga mafuta mengi na kutoa moshi mweusi. EFI inapima hewa muda wote kwa sensa ya MAF (hupima hewa inayoingia) au MAP (hupima presha kwenye manifoldi, mabomba ya hewa baada ya throto) na kupunguza mafuta yenyewe. Nguvu itapungua kidogo, na hakuna bisibisi ya kuirudisha.

Dhana: asubuhi RPM ikifika 1,500 gari ni bovu

Sio bovu. Baridi ya Julai inataka hivyo. Iache ishuke polepole kadiri injini inavyopata joto. Bovu ni lile linalobaki juu hata baada ya kutembea kilomita kumi.

Mara nyingi hapo utakuta themostati, vavu inayozuia maji yasiende kwenye rediata mpaka injini ipate moto, imetupwa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Themostati za Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ikitolewa, maji yanapita kwenye rediata tangu dakika ya kwanza, injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kuongeza mafuta na kushikilia sailensi juu. Maji yakipungua nayo ni shida: sensa ya joto ikikaa kwenye hewa badala ya maji, inadanganya. Kwa hiyo angalia maji kwanza, injini ikiwa baridi, kabla hujagusa throto.

Dhana: RPM ikipanda na kushuka, vavu ya sailensi imekufa

Inawezekana, lakini anza na hewa inayovuja kuingia kwenye injini bila kupita njia yake, maana kuitafuta ni bure. Injini yenye MAF, kama 1NZ-FE, haikuipima hewa hiyo. Mchanganyiko unakosa mafuta, injini inatetemeka na kuzima. Yenye MAP, kama 5A-FE, inaona presha imepanda, inaongeza mafuta, RPM inapaa. Ikivuka kiwango wakati throto imefungwa, kompyuta inakata mafuta, RPM inaanguka, mafuta yanarudi, inapaa tena. Huo ndio ule mlio wa voo-voo-voo.

Minya mpira wa hewa wa busta ya breki (kifaa kinachokurahisishia kukanyaga breki) kwa koleo iliyofungwa kitambaa. Mlio ukibadilika na kutulia, busta au mpira wake unavuja. Fanya hivyo kwa kila mpira mdogo wa hewa, kisha nyunyiza maji ya sabuni kwenye gasketi ya manifoldi: yakinyonywa, umepata. Petroli usinyunyize, moto hautanii. Ukiwa na kifaa cha kusoma kompyuta, angalia marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Yakisoma zaidi ya +20% kwenye sailensi na kushuka ukifika RPM 2,500, karibu hakika ni hewa.

Dhana: ukipandisha sailensi mtetemo unaisha

Unajificha. Angalia plagi, koili na mauntingi za injini.

Dhana: chomoa betri, mambo yatakaa sawa

Kuchomoa betri kunafuta ilichojifunza kompyuta, uchafu unabaki pale pale. Safisha throto kwanza. Tumia dawa yake na kitambaa laini. Usikwangue, kwa sababu baadhi ya throto zina rangi nyeusi ya kuziba mwanya pembeni ya kisahani, na ikitoka sailensi inapanda. Throto ya umeme usiisukume kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Sensa ya MAF ina dawa yake, usiipulizie ya throto.

Baada ya kusafisha, RPM inaweza kukaa juu kwa muda kwa sababu kompyuta bado inakumbuka ule mwanya ulioziba. Hapo ndipo kujifunza upya kunapohitajika. Honda: washa bila mzigo wowote, shikilia RPM 3,000 mpaka feni ya rediata iwake, kisha achia pedali, liache kwa sailensi dakika tano. Nissan nyingi zinataka mashine ya kusoma kompyuta, nazo zina masharti: injini iwe ya moto, usukani umenyooka, AC na taa zimezimwa, betri ipate zaidi ya volti 12.9 injini ikiunguruma. Fundi akisema mashine imegoma, aanze kwa kupima hiyo chaji.