Sensa kubwa, ndafu imepotelea wapi?

Vijana wengi wanaokuja hapa chuoni kwetu Moshi kujifunza video wanaanza na swali moja, mwalimu ninunue kamera ya fulu fremu? Ukiwauliza ya nini, wanakwambia bakgraundi ipotee kama kwenye muvi.

Haya. Sensa (siyo ile ya kuhesabu watu jamani) ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Ya fulu fremu, ile kubwa, ina mm 36 kwa 24, ya Micro Four Thirds, aina ya kamera zenye sensa ndogo, mm 17.3 kwa 13. Sasa wengi wanadhani sensa yenyewe ndo inafuta bakgraundi, hapana, sensa ndogo inakata picha pembeni, kwahiyo ili bibi harusi aenee inabidi urudi nyuma au ufunge lenzi pana zaidi, na hapo ndo eneo la fokasi (kuanzia mbele hadi nyuma, panapoonekana safi) linaongezeka. Umesimama mita 2, fulu fremu, lenzi ya mm 50, f/1.8 (yaani apacha, lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga, iko wazi sana), fokasi inashika kama sentimita 17 tu. Picha ileile kwa Micro Four Thirds na lenzi ya mm 25, f/1.8, unapata kama 35.

Sentimita 17 kwenye send-off ni balaa! Bibi harusi anakata ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), macho yake yamekaa safi kabisa, ndafu yenyewe na majani yake mdomoni imekuwa ukungu, akisogea hatua moja kumlisha mjomba naye kapotea, halafu mama mkubwa aliyechangia mbuzi anakupigia simu. Funga apacha mpaka f/5.6 upate kama nusu mita.

Mtasema fulu fremu ina chenga (zile punjepunje kwenye picha) chache usiku ukumbini. Kweli, eneo la sensa yake ni karibu mara 4 ya ile ndogo, inapokea mwanga zaidi. Ila ukishafunga apacha ili ndafu ionekane, mwanga unapungua, sehemu kubwa ya ile faida umeirudisha mwenyewe, ndo maana mie nawaambia kama hela ni ya mawazo nunua taa kwanza.

Na mkienda kupiga maharusi na Mlima Kilimanjaro nyuma yao, fulu fremu, lenzi ya mm 35, f/8, wasimame mita 6, mlima utakuwepo kwenye fokasi. Muwahi tu asubuhi kabla wingu halijaufunika.