Magnolia na gardenia: tofauti iliyofichwa kwenye namba

Wateja wangu wengi hapa Dar es Salaam hushika kadi ya rangi za ukutani, huweka kidole kimoja juu ya magnolia na kingine juu ya gardenia, zote za krimu, kisha huniuliza kama kweli hizo ni rangi mbili. Ni mbili. Katika BS 4800, kiwango cha Uingereza cha rangi za majengo, magnolia ni 08 B 15 na gardenia ni 10 B 15. Tarakimu mbili za mwanzo hutaja ukoo wa rangi, herufi hueleza kiasi cha ukijivu, na tarakimu za mwisho hutaja uzito, yaani jinsi rangi inavyoonekana nzito au nyepesi machoni. Kwa hiyo ukijivu wao ni ule ule na uzito ni ule ule, ila magnolia imeegemea chungwa ilhali gardenia imeegemea manjano.

Mwegemeo huo hauonekani kwenye kipande cha kadi kilicholingana na stempu, lakini ukuta mzima huukuza, hasa unapopokea rangi za vitu vilivyo karibu. Jua likipiga sakafu ya saruji nyekundu, mwanga hurudi ukutani ukiwa umebeba wekundu, na magnolia huupokea ikawa waridi. Niliwahi kupaka magnolia kwenye sebule ya namna hiyo, na mwenye nyumba alipoingia saa nne asubuhi aliniuliza, kwa upole wa kutisha, kama nilikuwa nimekosea ndoo. Nilirudia kwa gardenia, kwa gharama yangu. Kinyume chake, chumba ambacho dirisha lake limeelekeana na mwembe hujaa mwanga wa kijani, na hapo gardenia ndiyo huharibika, kwa kuwa manjano yake huvutwa ukijanini mpaka ukuta ukaonekana kama una ukungu. Katika chumba hicho huchagua magnolia bila kusita, maana wekundu wake mdogo huuzima ule ukijani.

Usiku, taa ndiyo huamua. Chini ya taa nyeupe ya kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) rangi zote mbili hupoa na tofauti yao hubaki wazi. Chini ya taa ya manjano ya kelvini 3000 hukaribiana mno, hata mimi hulazimika kuziweka bega kwa bega. Wanandoa wanaobishania rangi hizi kwa chumba cha kulala chenye taa ya manjano wanapoteza usingizi bure.

Ninachofanya sasa kabla ya kununua ndoo ni kupaka kila rangi mikono miwili, yaani mara mbili, juu ya kipande cha plaiwudi cha nusu mita kwa nusu mita, kisha kukihamisha ukuta hadi ukuta, asubuhi, mchana na usiku, kikiwa kimesimamishwa wima, kwa sababu kikilazwa mezani hupokea mwanga ambao ukuta hautaupata kamwe. Dukani pia nataja namba, si jina tu, kwa kuwa jina la magnolia kila kiwanda hulitumia kwa namna yake. Rangi ikikuishia ukuta ukiwa nusu, usiumalizie kwa ndoo ya kampuni nyingine.